Buti la Kushoto

Kila nikisikia harufu ya kakao inayochachuka chini ya majani ya migomba, hasira hunipanda. Papa, baba yangu, alichimba dhahabu, akaendesha malori, akapiga gitaa kwenye harusi za Butembo, kisha akatulia Beni na kupanda kakao njia ya Eringeti. Asubuhi ile nilificha buti lake la kushoto, maana kule mashambani watu walikuwa wanachinjwa.

"Leta buti yangu, mama," aliniambia mimi, bintiye. "Kakao hapana ngojaka vita. Nisipoigeuza leo, itaoza."

"Iache ioze, papa."

Akacheka, akaenda na kandambili. Hakurudi akiwa hai.

Matangani hakuna mkubwa aliyethubutu kuwataja wauaji. Walisema ni mapenzi ya Mungu. Niliwarushia lile buti. Mpaka leo sijaomba msamaha.