Ukuta Uliofika Kaunta

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi, Palma, wanapoandikisha nyumba za watu watakaohamishwa kupisha mradi wa gesi, nikamwona mama mmoja akikataa kutia sahihi. Ana nyumba ya wageni ufukweni. Watalii wakija, huigawa vyumba sita. Wakiondoka, huzifungua kuta za mianzi, nyumba ikabaki ukumbi mmoja wa familia yake.

Karani, mgeni kutoka kusini mwa nchi, alikuwa ameandika kwenye fomu yake "kibanda cha muda". Mwenye kibanda hapewi kiwanja kingine.

"Mama, nyumba ni kuta zisizohama," alisema bila kuinua macho.

"Shefe," mama alimwita kama aitwavyo mkubwa wa ofisi, "umewahi kulala ndani yake?"

"Hapana."

"Basi nisubiri."

Aliporudi, foleni ilikuwa palepale. Yeye na binti zake wawili walibeba ukuta mzima, wenye dirisha na komeo lake. Wakausimamisha mbele ya kaunta, wakaufunga kwenye nguzo mbili za ofisi kwa kamba za makumbi. Karani akabaki upande wake, sisi upande wetu.

"Sukuma," mama alimwambia.

Karani alisukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Ukuta haukutikisika. Tukapiga makofi. Baadaye dirisha la ukuta huo likafunguliwa, fomu mpya ikapenyezwa: "nyumba ya kudumu, vyumba sita". Mama aliisoma mara mbili, ndipo akatia sahihi.

Nami nikajiuliza: wale wa gesi wanaolala kwenye makontena, watakaoondoka gesi ikiisha, makazi yao yameandikwaje?