Kiti cha Joram

Mke mwenza hahitaji dirisha kubwa. Lornah alikuwa na kidirisha cha upana wa sahani tu, kikitazama nyumba ya Adero hapo bomani Kisian, na hicho ndicho kilikuwa shamba lake. Alililima asubuhi na jioni, akavuna wivu.

Joram, mume wao, alikuwa fundi wa mitambo ya meli bandarini Kisumu. Alimpenda Adero, mke wa kwanza, na hilo lilijulikana hata na mbwa wa boma. Alipofariki mwaka wa themanini na sita, Lornah alidhani wivu wake ungezikwa pamoja naye. Haukuzikwa. Koti la kazi la marehemu lilibaki ukutani kwa Adero, na kiti chake kikabaki mezani kwa Adero.

Desturi ilitaka mjane mkubwa arithiwe kwanza na ndugu wa mumewe, huku akibaki mke wa marehemu, na Adero akamkubali Laban, binamu wa marehemu. Lornah alikuwa ameokoka, yeye alikataa. Mfuko wa wajane wa kampuni ya meli uliwalipa wote wawili sawa, hadi mwaka wa tisini na moja masharti yalipobadilishwa: mjane aliyeolewa tena hana haki, na fungu lake liende kwa mjane mwenzake. Naibu chifu alipoulizwa, alijibu kwamba Adero ana mume. Malipo yake yakakatwa. Ila aliruhusiwa kukata rufaa, mradi alete shahidi wa nyumbani.

Adero akaja mlangoni kwa Lornah, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu matanga.

"Nyieka," alisema, kwani ndivyo mke mwenza huitwa kwa Kijaluo, "wanasema niko na bwana."

"Si uko naye? Juzi nilimwona juu ya paa lako."

"Paa ni la Joram. Wanataka shahidi, na Laban hawamtaki. Wanasema ana lake."

"Na mimi sina langu? Ukishindwa, fungu lako linakuja hapa."

"Najua. Ndiyo maana wewe watakuamini."

Lornah hakulala vizuri siku zile. Pesa zilimvuta, lakini kulikuwa na kitu kingine kitamu kuliko pesa. Adero akiwa mke wa Laban, basi Joram alibakiwa na mke mmoja tu, naye ni Lornah. Ofisi ingesema hivyo, na mhuri juu yake.

Walikaa mbele ya kamati ya mfuko huko Kisumu, ghorofani. Mwenyekiti, Bwana Wakhisi, alimpa Lornah Biblia aape, kisha akamuuliza, "Mama, huyu Laban ni mume wake, au si mume?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mkono wake ulikuwa bado unahisi ngozi ya kile kitabu, na macho yake yalikuwa yameona mengi mno.

"Laban hukalia kigoda," alisema.

"Sijakuelewa, Mama."

"Kiti cha Joram kiko mezani. Laban hajakikalia hata siku moja. Anakula kwenye kigoda karibu na mlango, halafu anarudi kwa mke wake. Na mvua ikiisha, huyu Adero hutoa koti la Joram kulianika. Kwanza hulipangusa mabega, kama kuna mtu ndani."

"Umeyaonaje haya yote?"

"Nina dirisha."

Mtu mmoja akacheka. Wakhisi hakucheka. "Basi kwa ushahidi wako, huyu ni mke wa nani?"

Chini barabarani mtu alikuwa akinadi mahindi ya kuchoma.

"Wa Joram," Lornah alisema. "Hata leo."

Kamati ikaamua palepale: malipo ya Adero yarudishwe.

Walishuka ngazi. Walipofika kwa wauza samaki, Adero alisema, "Kumbe ulikuwa unahesabu hata mvua zangu."

"Macho hayana pazia, Mikayi." Lornah hakuwa amemwita kwa jina hilo la heshima, la mke wa kwanza, kwa miaka mingi.

"Mbona hukuwaambia kwamba wewe pia ni mke wake?"

"Hawakuniuliza."

Wakatembea. Kisha Lornah akauliza lile aliloogopa kuuliza tangu mazishi. "Lile koti. Bado linanuka mafuta ya mitambo?"

"Linanuka sabuni tu. Mafuta yaliisha kitambo."

Lornah alifurahi kidogo, furaha mbaya aliyoizoea. Halafu ikamjia kwamba basi harufu ile haiko popote tena, si kwa Adero wala kwake, na akaiona njia ya Kisian ni ndefu.