Gari Ni la Nice

Nikisikia mtu anasema lile gari jekundu la Mtaa wa Kongo Nice alihongwa na bwana, damu inanichemka. Mimi nilikuwepo. Duka langu la mashuka linagusana ukuta na duka lake la vitenge, na niliona alivyolipata. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mizigo ya Dubai inashushwa Kariakoo usiku na mchana, na Nice anakula chakula chake amesimama, mkono mmoja kwenye sahani, mwingine unapima kitambaa. Wenzake walijenga. Yeye aliagiza Starlet, ile ndogo yenye tabo ya kuiongezea injini nguvu, iliyotumika Japani.

Na alilijua gari lake. Akifika dukani hazimi injini papo hapo, anaiacha ingurume taratibu kwanza, kwa sababu tabo huwa ya moto sana, na oili ikisimama ghafla huungulia humo ndani. Kwenye rejeta hakutia maji ya bomba, alitia yale ya kijani yenye dawa. Wapiga debe walimcheka, "Anti, ufunguo umekwama?" Mwanamume angefanya hivyohivyo wangemwita mtaalamu.

Mwaka huo mama yake alivunjika paja huko mlimani Kibosho, akaletwa Dar kutiwa chuma. Tangu Pasaka alikuwa Magomeni chumbani kwa Nice, analala akitazama dari, na ombi lake lilikuwa moja tu: Krismasi alale kwake, kwenye kihamba, shamba la ukoo alikozikwa mumewe. Daktari akakubali kwa sharti kwamba asitikiswe. Basi la Desemba unalijua lilivyo, watu wanakaa hadi kwenye ngazi. Ilibaki Starlet.

Basi Nice akampa mdogo wake, Lucky, ufunguo alipeleke gari gereji ya Pius, Gerezani. Kazi ilikuwa kumwaga oili na kuangalia breki. Hakuna kingine.

Tulipokwenda kulichukua tulilikuta limechuchumaa. Nasema kweli, tumbo liko karibu na lami. Springi zote nne zimekatwa, na ekzosi imetobolewa ili ingurume. Lucky ameegemea boneti, anachekelea.

"Sista, cheki! Sasa liko bab kubwa. Kijijini watakoma."

Nice alimpita. Alimgeukia Pius. "Nani alikuambia ukate?"

"Bosi mwenyewe," Pius akasema, akimwonyesha Lucky kwa kidevu. "Na thamostati nimeitoa, ofa yangu. Nchi hii ya joto, dada, kidude cha kuzuia maji mpaka injini ipate moto kina kazi gani? Magari yote ya Bongo tumevitoa."

"Kibosho alfajiri ni nchi ya joto?"

"Dada, mimi mambo haya naongea na mwenye gari."

Yaani alisema hivyo mbele yake! Nilitaka kumpiga na mkoba. Kadi ya gari ina jina la Nice, oili kanunua Nice, na fundi anatafuta suruali ya kuongea nayo.

"Rudisha springi zangu," Nice akasema.

"Springi ikishakatwa imekatwa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Leo utayazoa, Pius."

Akanishika mkono, tukaenda Msimbazi kwa Mzee Tulsidas, muuza vipuri. Wauzaji watatu walikuwa wametuuliza njiani tumetumwa na nani. Tulsidas aliuliza tu, "Gari linakwenda wapi, na litabeba nini?" Nice akamweleza habari ya mama na ile njia ya mawe. Mzee akaingia stoo, akatoka na springi ndefu za gari la namna hiyohiyo lililochinjwa kwa ajili ya vipuri. "Hizi hazina urembo," akasema. "Lakini mama atalala usingizi."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kufunga vitu Pius alijua. Alifunga zile springi, akaziba ekzosi, akapekua pipa la vyuma chakavu mpaka thamostati ikapatikana. Nice alisimama juu ya kichwa chake muda wote, na kila nati alidai aikaze mbele yake.

Tukasafiri. Mama alikaa mbele, kiti kimesukumwa nyuma, mguu umenyooshwa juu ya mito. Mimi na Lucky tulijikunja nyuma, na nilifurahi kila goti lake lilipogonga kiti. Nice aliendesha yeye peke yake, Chalinze, Korogwe, Same, bila kukimbizana na mtu. Kwenye mawe ya Kibosho alipanda polepole, jiwe kwa jiwe, tumbo la gari halikugusa chini. Mama hakulia hata mara moja, alikuwa akitaja majina ya wenye migomba tuliyoipita.

Uani ukoo wote ulikuwa unasubiri. Nice akashuka, akakunja kiti chake, Lucky akatoka nyuma yake akijinyoosha. Kwao gari likifika nyumbani mara ya kwanza, mzee humpa mwenye gari kata ya mbege, pombe ya ndizi, anywe wa kwanza. Baba mdogo Aristides akaja nayo mikono miwili. Akampita Nice, ufunguo uko mkononi mwake, akasimama mbele ya Lucky.

"Karibu, mwenye gari. Umetuletea mama."

Na Lucky akanyoosha mikono apokee! Huyo huyo aliyekatisha springi! Nice akainamisha uso, machozi ya hasira yanamtoka, na watu wakadhani ni ya furaha. Mimi nilikuwa bado nimebanwa nyuma, napiga dirisha kwa kiganja.

Vijana walishafungua mlango wa mama wambebe. Mama akaukamata mlango ule kwa mikono yote miwili, akauvuta, akaufunga. Akateremsha kioo.

"Siteremki."

"Shemeji, umefika kwako," Aristides akasema. "Kitanda kimetandikwa."

"Najua nimefika. Nimeomba hili tangu Pasaka. Lakini sishuki kwenye gari la mtu ambaye hamjamsalimia. Nitalala humu."

Aristides alimtazama Lucky, na Lucky akaishusha mikono yake. Mzee akazunguka boneti na ile kata, taratibu, akamfikia Nice, akamwita kwa jina na jina la baba yake.

Nice akanywa. Mama akamtazama mpaka alipomeza, ndipo akawaambia vijana, "Sasa nibebeni."