Fuvu Ukutani

Nilipokuwa mtoto pale Nyamongo, fuvu la mtu halikumfukuza mchimba dhahabu, lilimwita. Wachimbaji walisadiki kwamba shimo lililoua mtu lina mali, maana marehemu haondoki, anakaa palepale kuilinda.

Sasa mwambie hayo bwana afya kutoka mjini! Alifika na pikipiki, akabandika picha kwenye ukuta wa banda ambako kina mama waliosha mchanga wa dhahabu: fuvu jeupe na mifupa miwili. Akasema harakaharaka kwa Kiswahili, "Zebaki ni sumu. Msiishike, msiichome karibu na watu." Wengi wao walijua Kikurya tu. Hakuuliza kama wameelewa. Akapiga pikipiki yake teke, huyoo.

Kesho yake asubuhi, jamani, sikuamini macho yangu. Banda limefurika! Watu walivuka mto kuja kugombea nafasi chini ya lile fuvu. Mama yangu, Ghati, alikuwa amewahi. Alikanda mchanga na zebaki, yale maji mazito yanayonasa dhahabu, kwa mikono mitupu. Kisha akaichoma kwenye kikaango, uso juu ya moshi.

Bibi, mama yake baba, alimfuata hukohuko na fimbo yake.

"Ghati, toka hapo! Ukipokea cha marehemu, atachukua mikono yako."

Mama akacheka. "Mama, si serikali yenyewe imetuonyesha mahali?"

Na dhahabu alipata kweli, nami nikanunuliwa viatu vyekundu. Nilivipenda mno, na mpaka leo nikivikumbuka naumia. Kabla havijachakaa, Mama alishika kikombe cha uji, kikamwagika chote mapajani. Mikono ilikuwa inatetemeka, na haikuacha tena. Majirani wakasema Bibi alijua. Bibi mwenyewe alikuwa analia tu.

Leo kazi ile ya afya ninaifanya mimi. Juzi nilipewa picha nizipeleke kwa kina mama waosha mchanga. Nilipoikunjua ya kwanza, niliona fuvu lilelile. Nikawauliza kwa Kikurya, "Mnaona nini hapa?"

Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, akasogea, akatabasamu.

"Hapo pana mali, dada."

Lo! Miaka yote hiyo! Nikaikunja picha, nikaketi chini kati yao. Nikawaeleza habari za Ghati, ambaye asubuhi ile nilikuwa nimemlisha uji kwa kijiko.