Klarineti Iliyokatwa kwa Msumeno

Mimi ni mpiga ngoma kubwa wa fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma, ya parokia yetu hapa Kasongo, na ngoma, namshukuru Mungu, haiulizwi kama iko juu au chini. Ugomvi wa sauti nilimwachia Marcellin, fundi wa baiskeli na mpiga klarineti wetu, mtu mbishi hata usingizini. Klarineti yake, ile zumari ndefu ya mbao, aliachiwa na baba yake. Aliitunza kuliko nyumba, na kila mtu alijua kwamba baada yake itakuwa ya binti yake Naomie.

Sasa, tangu pikipiki ilipomwangusha kwenye matope ya njia ya Kabambare na meno ya mbele yakang'oka, sauti yake ilibaki chini ya wenzake. Kidogo tu, lakini ya kukera. Tulipomwambia, alijibu kwamba mbao imezeeka. Mchagua jembe si mkulima, nikamtania, naye akaninunia juma zima.

Halafu akafanya jambo la ajabu. Alichukua msumeno wa chuma akapunguza kile kipande kifupi kilicho chini ya mdomo wa klarineti. Bomba likifupika, sauti hupanda. Na kweli ilipanda, Jumapili ile akalingana na tarumbeta.

"Munaona?" akasema. "Kosa ilikuwa ya mbao."

Tuliona aibu, hata mimi nikamwomba radhi.

Mwaka huu mwana wa Kasongo anayeishi Kinshasa alitutumia klarineti mpya. Marcellin akaidai kama mkubwa. Akapuliza: chini. Akapuliza tena: chini vilevile, kosa lile lile la zamani. Tukatazamana.

"Hii nayo iko mbovu," akasema.

Arlette, mwalimu kijana aliyetoka Kabambare na kujiunga nasi juzi juzi, akaiomba kwa adabu. Ikatoa sauti safi, sawa kabisa na tarumbeta. Marcellin akamnyooshea ile ya baba yake. Arlette akaipuliza, ikalia juu mno, mpaka wa tarumbeta wakaziba masikio.

"Papa Marcellin, munisamehe," akasema polepole. "Klarineti haikukuwa na kosa. Ni mudomo. Tangu meno ilitoka, mudomo yenu haibane tena, sauti inashuka."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumemsifu mtu kwa kuharibu kitu kizima, na mbao iliyokatwa haioti tena.

Nilidhani atabisha. Hakubisha. Alimwachia Arlette ile mpya, akaketi na ile ya zamani mapajani, akipitisha kidole mahali msumeno ulipokata.

"Hii nimeikata kwa kipimo ya mudomo yangu," akasema. "Naomie ataipiga na mudomo ya nani?"