Gita la Besi la Akina Mama wa Gumbo

Gita la besi nililorekodia albamu yangu halikuwa langu. Lilikuwa la akina mama wa kanisa letu kule Gumbo, ng'ambo ya daraja la kuingilia mjini. Tulipokuwa bado kambini Uganda, wao ndio waliopewa gita hilo na wageni fulani, na siku malori ya kuturudisha nyumbani yalipofika, walilifunga ndani ya godoro pamoja na ngoma mbili. Watu waliacha vitanda. Waliacha milango ya mabati waliyoitengeneza wenyewe. Godoro lile lilipakiwa, na mama mwenyekiti akakaa ameliegemea njia nzima ili mtu asiweke gunia juu yake. Kwa hiyo gita lilikuwa na sheria zake. Lilitoka kwa ibada, kwa harusi na kwa matanga tu. Likitoka kwa jambo lingine, mama mwenyekiti ndiye angejibu mbele ya wenzake, na mpigaji angenyang'anywa. Mpigaji alikuwa mimi.

Sikuchaguliwa kwa sababu ya kipaji. Aliyekuwa akilipiga alioa Uganda na akabaki huko, na mimi nilizoea kukaa karibu na spika, kwa sababu anayekaa pale hakuna anayemwambia asimame atoe ushuhuda. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba na sikuwa na kazi ya kudumu. Jumapili nilifika mapema kuliko wote. Kanisa likiwa tupu, nilipiga mambo ambayo ibada haikuhitaji: kidole gumba kinashika mdundo wa ngoma za kwetu kwenye uzi mnene, vidole vingine vinatafuta wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Sikujua kwamba kitu hicho kina jina.

Aliyejua jina lake alikuwa fundi wa sauti kutoka Kampala, aliyekuja siku moja kutengeneza spika iliyokuwa ikikoroma. Alifanya kazi yake kimya hadi nilipomaliza.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Hakuna mtu."

"Hiyo ni jazi, bwana. Jazi ya kuchanganya. Kuna watu huko nje wanatoa albamu nzima, besi peke yake, hakuna kuimba. Wewe kuja kwangu Nyakuron, kule mjini. Mimi iko pale kila siku, narekodi matangazo ya maduka mpaka nimechoka."

Nilikaa na maneno hayo wiki mbili. Kisha nilimwendea mama mwenyekiti kwenye meza yake ya nyanya, kando ya barabara ya Nimule. Nilikuwa nimepanga kumweleza kila kitu.

"Mama, kuna mtu wa studio Nyakuron. Anataka nirekodi."

"Nyimbo?"

"Nyimbo."

"Zetu za hapa?"

Nilikuwa na nyimbo nane kichwani. Mbili zilianzia kwenye nyimbo za kanisa kabla ya kwenda zao. Nikasema ndiyo. Alikuwa na mteja, akafurahi haraka, na sikupata nafasi nyingine ya kusema zaidi, au niliipata nikaiacha.

"Chukua," alisema. "Lakini likirudi na mkwaruzo, mimi ndiyo watanitafuna, si wewe."

Kufikia Jumapili iliyofuata akina mama walikuwa wakisema "CD yetu". Mmoja aliniuliza kama sauti yake ya pili itasikika vizuri, nami nikaangalia chini, akadhani ni adabu.

Gita lilivuka daraja limefungwa kwenye blanketi. Askari wa darajani alinisimamisha mara ya kwanza, akanifungulisha, akaona ni nyuzi, akaniambia nimpigie kidogo. Bila umeme besi haina sauti ya maana. Aliweka sikio karibu na mbao, akasikiliza, kisha akaniruhusu nipite.

Studio ilikuwa chumba kimoja cha kupanga nyuma ya saluni. Kuta zilikuwa zimebandikwa magodoro ya zamani na trei za mayai. Umeme ulitoka kwenye jenereta moja iliyohudumia saluni, duka la kuchaji simu na sisi. Siku ya kwanza hatukurekodi chochote. Gita lilikuwa la zamani, na kila tulipolichomeka, mngurumo wa jenereta uliingia ndani yake na kutoka kwenye spika kama mtu wa tatu. Fundi alibadilisha waya. Alihamisha kompyuta. Alifunga gita kwa karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Mngurumo ulibaki pale pale, sauti moja nene, isiyochoka.

Siku ya pili, nikiwa nasubiri, nilikaza uzi mnene mpaka ukawa sawa na mngurumo ule. Sikufikiria sana. Nilikuwa nimechoka kuusikia ukigombana na gita. Uzi ulipokuwa sawa nao, mngurumo ulipotea ndani ya besi, kama kwamba nilikuwa nimeuita mimi.

Fundi alitoa hedfoni. "Rudia."

Nilirudia.

"Kumbe," alisema. "Hatumfukuzi. Tunamfuata yeye."

Tukamfuata. Kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kukaza nyuzi kwa sauti ya jenereta, na fundi naye alisogeza noti za kinanda chake kidogo juu ili zilingane. Nyimbo zote nane zinaanzia na kuishia kwenye sauti ile. Kwenye wimbo wa tatu, katikati, kila kitu kinashuka kidogo kisha kinapanda tena. Hapo saluni walikuwa wamewasha mashine ya kukausha nywele. Fundi alitaka turudie, lakini mkono wangu ulikuwa umeshuka pamoja na mngurumo bila mimi kujua, na tulipousikiliza mara ya pili tukauacha.

Nilipiga besi mara mbili kwa kila wimbo, moja chini, nyingine juu, na fundi akaweka ngoma za kompyuta na dumu la maji alilolipiga mwenyewe kwa viganja. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu, mchana tu, kati ya tangazo na tangazo. Fundi aliandika CD kwa kalamu ya wino mzito: BESI.

Jambo lilijulikana kwa kosa langu. Jumapili ya mwisho wa kazi nilifika kanisani nimechelewa na nikasahau kurudisha nyuzi mahali pake kama Jumapili nyingine. Kinanda cha kanisa kikaanza, nami nikaingia sauti yangu ikiwa juu yake kidogo. Si sana. Lakini ilikuwa kama watu wawili wanaopitisha kitanda mlangoni, kila mmoja kwa upande wake. Kwaya ilisita. Mwalimu wa kwaya aliinua mkono, akaanza tena, ikawa vilevile. Baada ya ibada alikuja moja kwa moja, na mama mwenyekiti nyuma yake.

"Gita hili limefanywa nini?" mwalimu aliuliza.

"Nimelikaza kwa sauti ya jenereta."

"Jenereta gani?"

"Ya studio."

"Nyimbo zetu zinafuata jenereta tangu lini?"

Mama mwenyekiti alikuwa akinitazama usoni. Alikuwa mwepesi wa kuelewa.

"Kwenye CD hiyo," alisema polepole, "nani anaimba?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna mtu hata mmoja?"

"Ni besi tu."

Mwalimu akasema, "Nimesikia habari za huyo wa Nyakuron. Ni jazi. Wamekwenda kupiga jazi kwa gita la ibada."

Kwetu ukisema jazi, watu wazima wanaona hoteli, tarumbeta, wanaume na chupa. Mama mwenyekiti alinyoosha mkono nikampa gita. Alisema Jumamosi, baada ya kufagia kanisa, akina mama wataisikiliza CD yote. Wakiona si kitu cha kanisa, gita litafungiwa nyumbani kwa mchungaji na atatafutwa mpigaji mwingine. Alisema bila hasira. Siku zile sita sikuwa na kitu cha kushika, na nakumbuka zaidi kwamba sikujua mikono niiweke wapi.

Jumamosi walikuja kama kumi na tano. Redio ya CD iliwekwa juu ya benchi. Mwalimu wa kwaya alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mimi nilikaa mwisho kabisa.

Wimbo wa kwanza walisikiliza kwa heshima, vichwa vimeinama, wakingoja uimbaji uanze. Wa pili vilevile. Wa tatu ulipoanza, mama aliyeniuliza kuhusu sauti ya pili akamgusa mwenzake.

"Wataingia lini?"

"Huo ni mwanzo bado."

"Mwanzo mrefu namna hii? Mimi ningekuwa nimeshapika."

Wengine wakacheka kwa pua. Mama mwenyekiti akawaambia wanyamaze. Wimbo wa nne ni wa polepole kuliko yote. Ulipokuwa katikati nilisikia sauti ambayo haikuwa kwenye CD. Mama mmoja mnene, aliyekaa karibu kabisa na redio, alikuwa amelala. Alikoroma kidogo, kidevu kifuani, mikono imefunguka mapajani. Hakuna aliyemwamsha. Wimbo wa tano ukapita, wa sita, yeye amelala. Wa nane ulipoisha, jirani yake akamtingisha, naye akafungua macho akasema, "Amina."

Kanisa lote likacheka, hata mimi kidogo.

Mwalimu hakucheka. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Hakuna Mungu anayetajwa, hakuna Yesu. Ni muziki wa dansi huo."

"Wa dansi?" mama mwenyekiti alisema. "Mwalimu, wewe umeshaona muziki wa dansi unalaza mtu?"

"Huyo amechoka tu, mama."

"Sisi wote tumechoka. Huyu tangu turudi hapa hajalala mchana, muulize. Nyumbani kwake usiku pia analalamika hapati usingizi. Sasa amekaa mbele ya spika amelala nyimbo nne." Akamgeukia yule mama. "Ulikuwa unaota?"

"Sikuota kitu. Nililala tu."

"Kulala siyo kuabudu," mwalimu alisema.

"Sawa. Lakini hoteli siyo. Khalas, imekwisha, hoteli tumeiondoa."

Baada ya hapo walizungumza kwa muda mrefu, na zaidi kwa Kibari, lugha ya kwetu, kwa kasi. Mmoja alisema kitu kisicho na maneno hakiwezi kumtukana Mungu. Mwingine akasema hakiwezi kumsifu pia, kiko katikati, kama kuchota maji. Aliyetaka kuimba sauti ya pili alisema yeye amekasirika na atabaki amekasirika, lakini si kwa sababu ya dini. Hakuna aliyeniuliza maana ya nyimbo zangu, na nilishukuru, kwa sababu sikuwa nayo.

Mwishoni mama mwenyekiti aliniita mbele.

"Kosa lako si muziki," alisema. "Kosa lako ni kwamba mtu akisikia hii atafikiri gita ni lako. Nasi tumelibeba kutoka Uganda. Utarudi kwa huyo fundi. Mwanzoni kabisa utasema gita ni la nani, kwa mdomo wako. Usiposema, litakwenda kwa mchungaji."

Nilimwomba mwalimu aseme badala yangu, kwa sababu sauti yake ni nzuri. Alikataa. Nadhani aliona nitashindwa, na gita litakwenda kwa mchungaji.

Jumatatu mama mwenyekiti alifunga meza yake, akachukua gita na kwenda nami Nyakuron. Fundi alinipa kipaza sauti. Mara ya kwanza nilisema chini sana, na alipoongeza sauti jenereta ikanimeza. Mara ya pili nilisema haraka hadi "Gumbo" likakatika. Mara ya tano fundi akasema, "Mama, mimi naweza sema. Dakika moja iko tayari."

"Wewe utasema kama matangazo yako," alijibu. "Watu watafikiri tunauza gita."

Mchana ukawa mchana hasa. Chumba kilikuwa na joto la magodoro. Mama alivua viatu akakaa sakafuni, hakunihimiza. Nilitoka nje mara mbili kunywa maji. Niliporudi mara ya pili niliomba gita, si kwa kupiga, ila mikono ipate kazi. Fundi alilichomeka kwa mazoea. Nikasema:

"Gita hili ni la akina mama wa kanisa la Gumbo. Mimi nalipiga tu."

Kidole gumba kilikuwa kimegusa uzi mnene bila kukusudia, kwa hiyo chini ya maneno kuna sauti moja ndefu. Fundi alimwekea mama hedfoni juu ya kitambaa cha kichwa. Alisikiliza mara mbili.

"Hiyo 'tu'," alisema, "sisi hatukukuambia useme."

"Nitoe?"

Alifikiri. "Iache. Imekaa vizuri."

Gita halikwenda kwa mchungaji. Nililipiga Jumapili iliyofuata na nyingine zilizofuata, na mwalimu wa kwaya akachukua muda kabla ya kunisalimia. Fundi alichoma CD kadhaa. Moja ilichezwa redioni mara moja, alasiri, sehemu yake. Nyingine alibaki nayo mama mwenyekiti, kwenye meza ya nyanya, na redio ndogo ya betri. Wageni wakija aliiwasha, wakasikia maneno yangu yale, akazima, akaendelea kupima nyanya. Akina mama wengine walifanya vivyo hivyo majumbani mwao. Watu wengi wa Gumbo wanaijua albamu yangu kwa sentensi hizo mbili, na wengine wameniambia kwamba ni fupi lakini nzuri.