Saa Iliyokataa Kusimama

Mwanangu, naona umeanza kukusanya saa za mkono za miaka ya sabini kama nilivyofanya mimi. Kaa nikueleze. Siku niliyoendesha baiskeli kutoka Busia hadi Mwello naikumbuka vizuri, maana ndiyo siku niliyojifanya mjanja.

Mzee mmoja alikuwa amezikwa huko, na nilijua alikuwa na saa ya kujijaza, uso wa buluu, yenye siku na tarehe. Saa hizo hazitiwi ufunguo. Mkono ukitembea zinajijaza. Ukizivua, hazimalizi siku mbili. Sasa, kwa watu wa kule, vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka siku ya kumaliza matanga, wazee wamkabidhi mrithi mbele ya watu. Nililijua hilo, lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Nikamvuta kando Othieno, kitindamimba wa marehemu, nikampa redio yangu, naye akanipa saa bila mama yake kujua.

Nikaifungia ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na nyingine tano. Siku ya tatu nikafungua: zile tano zimesimama, hii inakwenda. Nikaufunga mkebe kwa uzi na fundo langu mwenyewe. Siku ya sita fundo liko vilevile, saa inakwenda, na mkanda wake wa chuma una joto kama imevuliwa sasa hivi. Niliogopa, sikufichi.

Nikampelekea Mzee Wandera, fundi wa saa aliyenifunza kuzipenda. Akaifungua, akaichungulia kwa kioo chake, akaifunga bila kugusa kitu.

"Haina ugonjwa," akasema. "Hii saa iko na mtu anatembea nayo. Ulivua mkono wa nani, kijana?"

Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alinirudishia saa kwa kitambaa, hakutaka kuishika tena, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nilifika Mwello jua la mchana. Mjane alikuwa uani akianika mihogo. Nikapiga magoti, nikamrudishia saa. Hakushangaa.

"Mzee iko natembea nyuma ya nyumba siku yote," akasema. "Mimi nasikia miguu tu. Nikajiuliza, huyu natafuta nini?"

Siku ya kumaliza matanga nilikuwepo, kichwa chini. Wazee walipomvisha saa mrithi, kaka mkubwa wa Othieno, ilisimama palepale. Akatikisa mkono mara mbili, ikaanza upya. Tangu siku hiyo yule mjane hakusikia miguu tena.

Basi, mwanangu, kabla hujaisifia saa kuukuu, uliza ni mkono gani uliivaa, na kama wenyewe wamemaliza kulia. Kama bado, ngoja. Subira yavuta heri. Saa kama ile sijapata nyingine, wala sijutii. Mungu akupe miaka mingi ya kutembea, na siku ya kuvuliwa yako, ivuliwe na watu wako, upate kupumzika.